Shangazi, mezani hawaogopi nikipandisha dau, nihamie meza kubwa?

Shangazi shikamoo. Mi ni msomaji wako wa Mbeya, nakaa Uyole, nina mke na watoto wawili, kazi yangu ni mchele. Nakusanya Kyela na Ubaruku napeleka Dar pale Tandale. Naomba jina usilitaje maana ukoo mzima wanakusoma, hasa upande wa mke.

Sasa shida yangu mi sio mapenzi kama hao wengine, shida yangu ni poka. Unajua ukipeleka mzigo Dar mteja hakupi hela yote siku hiyohiyo, anakupa nusu anakwambia hii nyingine njoo Jumatatu bosi, kwaio we unabaki gesti Manzese unaangalia feni inavyozunguka, ndo jamaa yangu mmoja akaniambia twende kasino moja huko mjini wana chumba cha karata. Poka yenyewe ni ile ya Texas, unapewa karata mbili zako za siri alafu mezani zinafunguliwa tano za watu wote, zinaanza tatu kwa mpigo, inafuata moja, alafu ya mwisho, na kila hatua watu wanaweka hela, ukitaka kubaki unafuata, yani unaweka sawa na aliyeweka, hutaki unatupa karata. Mi karata nimekulia, kwenye albastini na lasti kadi mtaani kwetu hakuna wa kunifunga, kwaio nikashika haraka, alafu nikaangalia na video kibao YouTube za wale wakali wa Las Vegas, nikajua nini maana ya kupiga mkwara, yani unaweka hela huna kitu ili wenzako watupe karata, na lini unapiga.

Ijumaa pale panajaa balaa. Unafika saa mbili usiku unaandikwa kwenye listi, unasimama nyuma ya viti vya watu na soda yako saa nzima na zaidi, meza ndogo zote zimejaa, watu tisa tisa, huku mashine zinapiga kelele huku TV ina mpira. Ukija kupata kiti ni meza ya blaindi elfu moja na elfu mbili, yani hela ambayo watu wawili kwa zamu lazima waweke kabla hawajaona karata, unaingia na laki mbili. Nyumba, yani kasino, inakata asilimia kumi ya kila poti, ile hela yote iliyolundikana katikati, hiyo nimeizoea.

Ninachoshindwa kuzoea ni watu wenyewe, shangazi hawajui kucheza! Hawatupi karata! Ngoja nikupe mfano wa juzi. Nimekaa pale nasubiri weee, mara nafungua kona nakuta esi mbili. Watu wanne walikua wameshaingia kwa elfu mbili, nikapandisha mpaka elfu sita, nikajua hapa atabaki mmoja au wawili, wakafuata wote wanne, na yule wa blaindi kubwa naye akafuata. Poti elfu 37. Zinafunguliwa tisa ya kopa, saba ya kopa, tatu ya uru. Nikaweka elfu kumi, wakafuata watatu. Inakuja mbili ya shupaza, nikaweka elfu 15, wakafuata wawili. Ya mwisho nne ya kopa, na kuna mzee mmoja ana baraghashia, usiku kucha hajaongea neno, akasukuma chipu zake zote katikati. Nikafuata maana nina esi mbili ningefanyaje, akafungua kingi na tano za kopa. Flashi, kopa tano. Alafu anakunywa maji zake kama hamna kilichotokea. Mtu anafuata na kingi na tano!

Afu usiku huohuo nikapiga mkwara wa nguvu, nina esi na kingi, mezani hakuna kilichonishika, nikaweka hela hatua zote tatu kama wale wa kwenye video, dada mmoja kanifuata mpaka mwisho na pea ya nne. Pea ya nne shangazi! Namuuliza umefuataje ananiambia "nilitaka kuona tu". Na dila, yule mgawa karata, naye kaninyima, kuna mtu kaweka elfu nne, mi nikatupa chipu ya elfu kumi nikimaanisha napandisha, dila anasema hapana umefuata tu, akanirudishia chenji elfu sita mbele za watu.

Kwaio nilichofikiria, nihamie ile meza ya elfu tano na elfu kumi. Kule wanakaa watu wazima, wafanyabiashara, ukipandisha wanaelewa unaongea nini wanatupa karata. Kuingia ni milioni moja lakini hela sio tatizo, hela za mzigo si zinapita mkononi mwangu, hata juzi hela ya magunia ya mama mkwe ilikuwepo nikachomoa laki tatu nikazirudisha baada ya siku mbili mteja aliponilipa na hakuna aliyeumia, nyumbani niliwaambia tu mteja kachelewesha. Kingine kuna rafiki yangu ana baa Mwanjelwa ana chumba cha nyuma, anataka tuweke meza yetu ya poka tukate asilimia kidogo, Mbeya hela ipo watu hawana pa kwenda, tutapiga hela nzuri. Nishauri shangazi, nianze na lipi?

Mchele Grade One, Uyole

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba baba, na kamwene kutoka huku Iringa. Wengi mnanijua kwa mambo ya ndoa ila kabla sijarudi nyumbani nilikaa Dar nagawa karata, kwaio barua yako nimeisoma nikiwa naiona kabisa hiyo meza, na yule mzee wa baraghashia naye namuona, wapo kila chumba.

Tuanze na huyo mzee maana umemuonea. Unasema kafuata hovyo. Kabla ya karata za mezani kufunguliwa sawa, kingi na tano sio karata za kujivunia hata zikiwa kopa zote mbili, ila aliingia kwa elfu mbili tu alafu we ukamuongezea elfu nne, nani atatupa karata kwa elfu nne na poti imeshavimba? Sasa njoo kwenye zile tatu za kwanza. Poti ina 37, we unaweka kumi. Yeye anatoa kumi kugombea 47. Kopa kwenye pakiti ziko 13, mbili anazo mkononi, mbili ziko mezani, zimebaki tisa katika karata 47 asizoziona, yani karata inayofuata kuwa kopa ni karibu mara moja katika tano. Piga hesabu kama unavyopiga ya magunia, acheze hivyo mara tano: nne anapoteza elfu kumi kumi, jumla 40. Moja anaokota 47. Kapata faida huyo, na hapo sijahesabu wale wawili wengine waliofuata wakamuongezea. Karata ya nne kufunguliwa mezani ikawa mbaya kwake, poti imefika 77, we mkubwa mzima unaweka 15! Mara nne anapoteza 15 ni 60, mara moja anaokota 92. Yani baba umemuuzia mchele wa Kyela kwa bei ya chenga alafu unamlaumu kwa kununua.

Ungeweka elfu 30 kwenye ile poti ya 37 hesabu inageuka. Nne anapoteza 30, ni 120, moja anaokota 67. Akifuata hapo anakulipa wewe, hata siku ile kopa ikimjia bado ndo anakulipa, maana hujui ni ipi katika tano. Na karata ya nne ikija sio kopa unamlipisha tena, sio unamuonea huruma. Hata kabla ya hapo, watu wanne wameshaingia kwa elfu mbili mbili, kupandisha mpaka sita ni kuwakaribisha chai. Meza kama hiyo unaweka 16, unaweka 18, na hawatashtuka, maana si umesema mwenyewe hawatupi karata? Sasa mtu asiyetupa karata unamtoza kidogo kwa nini?

Hapo ndo ilipo shida yako yote. Hao watu unaowalalamikia kwamba wanafuata kila kitu ndo watu wazuri kuliko wote wa kukaa nao. Huwezi kuwapiga mkwara, kweli. Kwaio usiwapige! Yule dada kakwambia ukweli mtupu, alitaka kuona tu. Kasimama kwenye listi saa nzima kama wewe, kalipa hela yake, kaja kuona karata, hakuja kutupa karata usiku kucha ili wewe ujisikie uko Las Vegas. Wale wa kwenye video wanapigana mikwara kwa sababu anayekaa mbele yao anajua kuogopa. Yako ya meza ndogo ni kazi ya kuchosha tu: unatupa karata mbovu, unatupa, unatupa, ukipata nzuri unaweka hela nyingi kuliko unavyoona aibu, na wao watafuata, na ukikosa unaachia bila maigizo. Haina utamu wa kwenye video, najua. Watu wengi niliowagawia hawakushindwa kwa kukosa akili, walishindwa kwa kuboreka, mtu katupa karata dakika arobaini anaona jeki na tatu za rangi moja anajiambia hizi si mbaya.

Na esi mbili nazo zisikuumize roho. Zinakuja mara moja katika 221, na kwa mkono wa dila wa kawaida, mizunguko 25 mpaka 30 kwa saa, unaweza kukaa usiku mzima ukaziona mara moja au usizione kabisa, kwaio ukizipata unajiona umeshashinda. Esi mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda karibu mara 85 katika mia. Dhidi ya watano kama wewe juzi, wakikaa wote mpaka mwisho, ni kama 49. Nusu! Yani mara moja katika mbili zinapigwa na hakuna mchawi. Lakini angalia upande wa pili, mko sita, umeweka moja ya sita ya hela, unashinda nusu ya mara. Ni biashara nzuri sana hiyo, ila ni ya kupigwa mara nyingi mbele za watu, na mwenye hasira hawezi kuifanya. Baada ya zile esi ndo ukaenda kupiga mkwara wa hatua tatu, au nadanganya? Umeandika "usiku huohuo".

Sasa asilimia kumi uliyoizoea, naomba usiizoee. Tuseme wastani wa kila poti nyumba inachukua elfu nne, mizunguko 25 kwa saa, laki moja inaondoka mezani kila saa na hairudi. Mko tisa, ni elfu 11 kila mmoja kwa saa kabla hamjaanza kunyang'anyana. Ukikaa saa sita karibu elfu 66 imeenda hivyohivyo tu, bado soda, bado bodaboda ya kurudi Manzese. Maana yake haitoshi kucheza vizuri kuliko wenzako, inabidi uwazidi kwa zaidi ya hiyo elfu 11 kila saa ndo uanze kuhesabu faida. Wapo wanaoweza, wachache, na hawatoki Uyole na basi wakiwa wamechoka na safari wakae mpaka alfajiri alafu wakimbilie gari Mbezi. Kwaio kama unacheza, cheza ukijua unanunua starehe ya Ijumaa, na ukicheza vizuri starehe inakua ya bei nafuu.

Meza kubwa jibu ni hapana. Unasema kule wakiona umepandisha wanatupa karata. Baba, watakutupia ukiwa na esi mbili na watakufuata ukiwa unapiga mkwara, ndo wanachojua hao. We uliyemuuzia mzee kopa kwa elfu kumi huwezi kwenda kukaa na watu wanaojua hesabu hiyo bila kuhesabu. Nimegawa kwenye meza za hivyo, mtu mgeni akikaa na milioni yake na hadithi za YouTube hakuna anayemcheka, wanakua wapole, wanamuuliza biashara inaendaje, wanamuagizia na kinywaji.

Hayo yote ni karata. Kuna sentensi moja kwenye barua yako umeipitisha haraka kama gari iliyozidisha mzigo ikiona mizani, ya mama mkwe. Umechomoa laki tatu, "nikazirudisha, hakuna aliyeumia". Zilirudi kutoka wapi? Hukuandika umeshinda. Umeandika mteja alipokulipa, yani ni hela ya mchele wako, ya mke wako na hao watoto wawili, ndo iliyoziba shimo la mama mkwe. Kaumia mtu, ila hajui. Na mkeo kaambiwa mteja kachelewesha, siku mteja akichelewesha kweli utamwambia nini? Mwanamke wa mfanyabiashara anajua wateja wote wa Tandale kwa majina, siku moja atapiga simu kusalimia tu.

Hela ya mkwe haichezewi, hilo hata sihitaji kukueleza mtu wa Mbeya. Amekuamini na magunia yake bila risiti kwa sababu umeoa kwake. Kwaio kuanzia mzigo ujao, mteja akikulipa sehemu ya mama mkwe unaituma palepale Tandale kabla hujatoka sokoni, M-Pesa au benki, unampigia simu mama imeingia, ndo unaenda kuoga. Hela ya mzigo unaofuata nayo iingie benki na kadi uiache Uyole. Kasino unaenda na kiasi ambacho kikiisha hautabadilisha stori nyumbani, kiwe laki mbili au kiwe elfu hamsini, kikiisha unanyanyuka, hakuna kuongeza. Na mkeo mwambie unacheza. Sio umuombe ruhusa kama mtoto, umwambie, Ijumaa nikiwa Dar nikisubiri mteja naenda kucheza karata na kiasi hiki. Ukiona huwezi kumwambia hicho kiasi, basi ni kikubwa, punguza mpaka uweze. Na kama ukikaa gesti unajikuta miguu inakupeleka hata ulipojiambia leo siendi, au umekopa kwa ajili ya kiti, hapo sio shauri la jinsi ya kucheza tena, unaacha kabisa na unamtafuta mtu wa kukusimamia hela, mkeo awe wa kwanza.

Meza ya Mwanjelwa usiiguse. Michezo ya hela ina sheria yake, ya 2003, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ndo inatoa leseni. Chumba cha nyuma cha baa mnakata asilimia bila leseni ni kesi, na rafiki yako ana leseni ya baa ya kupoteza, we una jina la kupoteza. Alafu fikiria watakaokaa hapo ni nani, ni hao hao wauza viazi na mchele wenzako, utakata asilimia ya mtu Ijumaa alafu Jumamosi unamuomba gari ya mkopo?

Hiyo saa ya kusimama kwenye listi, usiangalie mpira. Ndo wakati wako mzuri kuliko wote, unawaona watu tisa wanacheza na hujalipa hata mia. Angalia nani anafuata kila kitu, nani akiweka hela ujue karata anazo kweli (yule mzee ni wa hivyo, usiku kucha hajaongea alafu anasukuma zote, na we ukafuata na pea moja!). Ukipata kiti kibaya muombe msimamizi akubadilishie mtu akiondoka, inaruhusiwa na haina aibu, tafuta ukae kushoto kwa yule anayepandisha pandisha ili aanze yeye ndo ufuate wewe, uamue ukiwa umeshamuona.

Na dila hakukuonea. Mtu kaweka elfu nne, we ukarusha chipu moja kubwa bila kusema kitu, hiyo inahesabika umefuata, vyumba karibu vyote vya karata viko hivyo, hata huko Las Vegas. Na ukianza kuweka chipu alafu unarudi kwenye fungu lako kuchukua nyingine bila kutamka, zinahesabika zile za kwanza tu. Sema kwa sauti, "napandisha, elfu 14", ndo uguse chipu. Ukishatamka imekubana na wewe, kwaio hakikisha karata zako umeziangalia vizuri kwanza.